Saa ya Jua na Saa ya Serikali: Historia ya Wakati Katika Matayos

Saa ya jua ni chombo kinachopima wakati kwa kufuata mwendo wa kivuli, na ingawa aina zake ni nyingi, zote zina sehemu mbili zisizokosekana, yaani kitu kilichosimamishwa au kulazwa ili kitupe kivuli, na uso uliochorwa mistari ambayo kivuli hicho huipita mmoja baada ya mwingine tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Katika miji ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, chombo hiki huonekana mara nyingi katika bustani za nyumba kongwe zilizogeuzwa kuwa makumbusho, kikiwa ni sahani ya shaba juu ya nguzo ya jiwe, na mgeni hukitazama kama pambo la enzi zilizopita. Matayos haikurithi bustani za namna hiyo. Hata hivyo, anayetaka kuielewa saa ya jua kama elimu hana sababu ya kwenda mbali, kwa kuwa ni katika nchi za ikweta ambako kivuli hufanya kazi yake kwa unyoofu usiopatikana kwingine, na ni katika nchi hizi hizi ambako saa ya serikali iliwekwa, ikasogezwa, ikarudishwa na kusogezwa tena, hadi ikaachana na jua kwa karibu robo tatu ya saa.

Matayos iko magharibi mwa Kenya, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Uganda, mwendo mfupi kabla ya Busia, na jimbo la uchaguzi lenye jina hilo linaujumuisha mji wenyewe wa Busia pamoja na Burumba, Mayenje, Busibwabo na Bukhayo Magharibi, katika nchi ya Wakhayo. Kaskazini yake, katika nchi ya Wateso, iko Malaba, ambako reli na barabara ya Eldoret huvuka mpaka. Mambo mawili ya mahali hapa yanahusika moja kwa moja na historia ya wakati. La kwanza ni latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta ukipimwa kwa digrii, ambao kwa Matayos na Busia haufiki hata nusu digrii upande wa kaskazini. La pili ni longitudo, yaani umbali kuelekea mashariki au magharibi ukipimwa kutoka Greenwich nchini Uingereza, ambao kwa Matayos ni digrii 34 na sehemu kidogo upande wa mashariki. Latitudo huamua umbo la saa ya jua. Longitudo huamua kama saa hiyo itakubaliana na saa ya ukutani au itapingana nayo.

Kwa kuwa Matayos iko karibu kabisa na ikweta, jua huwa kaskazini ya utosi kwa nusu ya mwaka na kusini ya utosi kwa nusu nyingine. Kijiti cha urefu wa mita 1 kikisimamishwa wima mwishoni mwa Juni, kivuli chake cha katikati ya mchana huelekea kusini na kuwa na urefu wa karibu sentimita 42. Kijiti hicho hicho mwishoni mwa Desemba hutupa kivuli cha karibu sentimita 44 kuelekea kaskazini. Mkazi wa London hawezi kuliona jambo hili maishani mwake asipotoka kwao, maana huko kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini siku zote, kikawa kirefu mno wakati wa baridi na kifupi wakati wa joto. Mkazi wa Matayos naye haoni mchana ukirefuka na kufupika kwa namna inayohisika. Tangu Januari hadi Desemba jua hukaa juu ya upeo kwa saa 12 na dakika chache, na hizo dakika chache zatokana na hewa kuupinda mwanga na ukubwa wa jua lenyewe.

Usawa huu wa mchana una uzito mkubwa katika historia ya saa kuliko inavyodhaniwa. Wamisri wa kale, Wayunani na Warumi waliugawa mchana katika sehemu 12, wakaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa mchana wa nchi zao hubadilika urefu kwa majira, saa zao nazo zilirefuka na kufupika: saa moja ya Juni huko Roma ilikuwa ndefu sana kuliko saa moja ya Desemba. Wataalamu huziita hizo saa zisizo sawa. Saa zilizo sawa, zile ambazo kila moja ni sehemu ya 24 ya siku nzima, zilitumiwa na wanajimu kwa karne nyingi kabla ya kuingia katika maisha ya watu wa kawaida, na katika Ulaya zilienea mijini pamoja na saa za mitambo tangu karne ya 14. Mahali pekee ambapo hesabu hizo mbili hazigongani ni ikweta. Hapo mchana ukigawanywa mara 12, kila sehemu ni saa kamili, leo na kesho na mwezi ujao.

Hesabu ya saa wanayoitumia Waswahili na majirani zao wa bara ni ile ile ya kale: saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, saa sita ni jua utosini, saa kumi na mbili ni machweo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hahitaji maelezo anapokuta habari za giza lililotanda tangu saa sita hadi saa tisa, au za wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja, kwa sababu saa za simulizi hizo zinalingana na saa za nyumbani kwake, wakati ambapo msomaji wa Ulaya hulazimika kuzigeuza. Ulinganifu huo haukutokana na bahati. Pwani ya Afrika Mashariki ilishirikiana kwa karne nyingi na nchi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Sham ambako siku ilihesabiwa hivyo, na katika latitudo hizi hesabu hiyo haikuwa na kasoro iliyowasumbua watu wa kaskazini, basi haikuwapo sababu ya kuiacha.

Baadhi ya saa za jua za kale kabisa zinazojulikana zimetoka katika Bonde la Nile. Mwaka 2013 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Basel waliokuwa wakifanya kazi katika Bonde la Wafalme, Misri, walifukua kipande bapa cha mawe ya chokaa kilichochorwa nusu duara yenye mistari inayoigawanya katika sehemu 12 za karibu digrii 15 kila moja, kikiwa na tundu la kuchomekea kijiti. Kipande hicho ni cha karne ya 13 kabla ya Kristo, na kilipatikana katika eneo la vibanda vya mafundi waliochonga makaburi, jambo linaloelekeza fikra kwamba kilitumika kupangia saa za kazi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wote wanaodhani kwamba saa ililetwa Afrika na meli.

Hatua iliyofuata na yenye matunda makubwa kwa Afrika Mashariki ilipigwa na wanazuoni wa Kiislamu. Sala tano za kila siku zimefungwa na nyakati, na nyakati za mchana hujulikana kwa kivuli. Adhuhuri huingia baada ya zawali, yaani jua linapopinduka kutoka kilele chake na kivuli kuanza kurefuka upande wa mashariki. Alasiri, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo wakati wa zawali. Magharibi huingia jua linapotua. Haja hii ya ibada ilizaa elimu. Al-Biruni aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu kizima kuhusu vivuli, na katika misikiti mikubwa kukawa na mtu wa cheo maalumu, muwakiti, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza nyakati. Maarufu kuliko wote ni Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, ambaye mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua ya marumaru yenye urefu wa karibu mita 2 na upana wa mita 1. Ukingo wake wa kutupa kivuli ulilazwa sambamba na mhimili wa dunia, yaani mstari wa kufikirika ambao dunia huuzunguka, na kwa hila hiyo saa yake iliweza kuonyesha saa zilizo sawa katika majira yote. Vipande vya saa hiyo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Damascus, na nakala iliyotengenezwa karne ya 19 ilichukua nafasi yake msikitini.

Katika pwani ya Waswahili elimu hiyo haikuhitaji marumaru. Mabaki ya misikiti ya Shanga katika kisiwa cha Pate yanarudi nyuma hadi karne ya 8, na maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Na palipo na msikiti pana kivuli kinachopimwa, hata kama chombo ni fimbo iliyochomekwa uani na kanuni imo kichwani mwa mwadhini. Haki yao watu hao wanapaswa kupewa. Fimbo iliyosimama wima na kupimwa kwa kanuni ni saa ya jua kamili, tena ni ile iliyo ngumu zaidi kuitumia, kwa sababu hesabu ambayo chombo cha Damascus kiliibeba katika mistari yake, hapa hubebwa na akili ya mtu.

Saa hiyo ya fimbo iliingia bara na misafara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walifika ufalme wa Wanga na kupafanya Mumias, mashariki ya Matayos, kituo cha kupumzikia na kununulia chakula na pembe. Nabongo Mumia, aliyetawala tangu 1882 hadi alipofariki 1949, aliwapokea, akasilimu, na mji wake ukawa chemchemi ya Uislamu katika magharibi yote ya Kenya. Desemba 1883 Mskochi Joseph Thomson, akiongozwa na wapagazi wa pwani, alipita Wanga akateremka hadi ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Samia, nchi ambayo leo imo katika Kaunti ya Busia na ambayo wahunzi wake walisifika kwa majembe ya chuma. Wasafiri wa aina yake walipima urefu wa jua na nyota angani ili wajue latitudo, na walibeba kronomita, yaani saa ya usahihi mkubwa, ili wakisie longitudo. Basi katika kambi moja walikaa pamoja watu waliopima jua kwa shabaha mbili tofauti. Wapagazi Waislamu walitaka kujua saa ya kusali mahali walipo, na Mzungu alitaka kujua mahali hapo ni wapi katika ramani ambayo bado ilikuwa tupu. Kilichofuata katika nchi ya Wakhayo, Wamarachi, Wasamia, Wanyala na Wateso kilitokana na ile ramani.

Wenyeji wao walikuwa na kipimo chao cha mchana, ambacho hakikufuata mistari bali kazi. Nchi ya wakulima na wafugaji huigawa siku kwa kulima kabla ya jua kali, kufungua ng'ombe, kurudi kivulini, kwenda mtoni, na kurudisha mifugo. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kipimo cha namna hiyo katika mafungulia ng'ombe, ambayo ni asubuhi ya kati ya saa mbili na saa tatu. Kipimo hicho kilitosha kwa kila shughuli iliyowahusu watu waliokuwa wakionana. Kilichokuja kukishinda ni shughuli za watu wasioonana, yaani waya wa simu, ofisi ya kodi, meli na treni.

Hadi mwanzoni mwa 1902 nchi yote hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo iliyokuwa Kenya, na sababu mojawapo ilikuwa kuiweka reli yote chini ya utawala mmoja, kwa kuwa reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901. Mto Sio na mto Malaba ikawa sehemu ya mpaka, na jamaa za Wasamia na Wateso wakajikuta katika nchi mbili. Reli ile ile iliyochochea kuhamishwa kwa mpaka ndiyo iliyoleta swali la saa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, ambayo ni digrii 15 kwa saa moja, au digrii 1 kwa dakika 4; Mombasa iko karibu digrii 5 mashariki ya Kisumu, na kwa hiyo jua la Mombasa hufika utosini karibu dakika 20 kabla ya jua la Kisumu. Msafara wa miguu haujali dakika 20. Treni mbili zinazokutana katika njia moja ya reli haziwezi kuzipuuza.

Uingereza yenyewe ilikuwa imepita njia hiyo, kwani kila mji wake ulifuata jua lake hadi reli zilipoulazimisha kufuata saa ya Greenwich, na sheria ikaithibitisha saa hiyo mwaka 1880; miaka minne baadaye mkutano wa mataifa mjini Washington uliichagua meridiani ya Greenwich, yaani mstari wa kaskazini na kusini upitao hapo, kuwa mwanzo wa hesabu ya dunia. Mei 1908 Himaya ya Afrika Mashariki ikapewa saa moja rasmi, iliyotangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 30. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake: saa 2 na nusu ni jua la longitudo ya digrii 37 na nusu, mstari unaopita karibu na Mlima Kenya na Kilimanjaro, takriban katikati ya nchi. Mombasa iliachwa nyuma dakika 9 hivi na Busia ikasukumwa mbele dakika 13, tofauti ambazo hakuna mkulima wala mwadhini aliyeweza kuziona kwa macho.

Utulivu huo ulidumu miaka 20. Mwishoni mwa Juni 1928 saa ya Kenya ilisogezwa mbele kwa nusu saa, ikawa saa 3 kamili mbele ya Greenwich. Haikupita miaka miwili, na mwanzoni mwa Januari 1930 ikarudishwa kwenye saa 2 na dakika 30. Tangu mwanzo wa 1937 ikatafutwa suluhu ya katikati, saa 2 na dakika 45, ambayo ilidumu hadi mwisho wa Julai 1942, wakati ambapo, vita vikiendelea, kanuni za ulinzi ziliirudisha saa 3 kamili. Vita vilikwisha, utawala wa kikoloni ukaondoka, katiba zikabadilika, lakini saa hiyo ya 1942 haikuguswa tena. Mtu aliyezaliwa Matayos mwaka 1907 na akaishi hadi uzee aliishi chini ya saa rasmi tatu tofauti, mbili kati yake mara mbili, ilhali kivuli cha nguzo ya ghala lake hakikusogea hata unywele.

Maana ya saa ya 1942 huonekana mtu akitazama ramani. Saa 3 mbele ya Greenwich ni jua la longitudo ya digrii 45 mashariki, na mji mkubwa ulio karibu na mstari huo ni Mogadishu. Wakazi wa Busia, ambao wako karibu digrii 11 magharibi ya mstari huo, wanaishi kwa jua la Mogadishu, na jua lao wenyewe hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 43. Huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na dakika 47 jioni. Athari za jambo hili si za nadharia. Katika Februari, mwezi ambao jua huchelewa kuliko miezi yote, macheo ya Busia hukaribia saa moja kasoro dakika 5, na mtoto anayetakiwa kuwa darasani mapema hutembea barabarani gizani, akiitikia kengele ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, chuma kile kile kilicholeta saa yenyewe. Faida nayo ipo, kwa kuwa soko la jioni hupata mwanga wa ziada na mchuuzi wa mpakani hufunga meza yake jua likiwa bado lipo. Lakini ni haki kusema kwamba faida hiyo na hasara hiyo hazikupimwa kwa ajili ya Busia. Zilipimwa kwa ajili ya Nairobi na pwani.

Unguja ilikuwa na ugomvi wake wa saa, na ni ugomvi unaofaa kuwekwa kando ya ule wa Matayos. Katika mji wa Masultani saa zilihesabiwa tangu machweo, hivyo jua likitua ilikuwa saa kumi na mbili, na mwenye saa ya mfukoni aliirekebisha kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu machweo ya Unguja husogea kwa zaidi kidogo ya nusu saa kati ya msimu na msimu. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa na mnara mbele yake ulioharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo onyo lao lilikwisha muda saa tatu asubuhi na makombora yakaanza kurushwa dakika chache baadaye. Baada ya hapo mnara wa saa ukajengwa katika jumba lenyewe, ambalo miaka mingi baadaye likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo, pamoja na mnara huo, ilianguka. Saa iliyohesabiwa kwa machweo ingefaa zaidi Matayos kuliko Unguja kwenyewe, kwa kuwa katika ikweta machweo hayapishani kamwe na saa kumi na mbili ya saa ya jua ila kwa dakika 3 au 4, mwaka mzima.

Na kwa kweli hesabu hiyo haijatoweka mpakani. Ratiba ya sala inayobandikwa ukutani mwa msikiti wa Busia au wa Mumias ni saa ya jua iliyochapwa kwenye karatasi: mtu amekokotoa mapema mahali ambapo kivuli kitakuwa kila siku, kisha akaandika jibu kwa saa ya serikali. Ndiyo maana adhuhuri ya Busia haiingii saa sita kamili hata siku moja katika mwaka. Ndiyo maana pia ratiba ya Ramadhani iliyopigwa hesabu kwa ajili ya Mombasa haiwezi kutumika Busia, kwa sababu Mombasa iko mashariki zaidi na jua lake hutangulia kutua kwa muda wa kati ya robo saa na nusu saa kutegemea msimu, na anayefuturu Busia kwa saa ya Mombasa huwa amefuturu jua likiwa bado angani. Hapa dakika za longitudo, ambazo kwa ofisi ni jambo dogo, zinakuwa suala la kusihi au kutosihi kwa funga ya mtu.

Kwa upande wa dola, mpaka wa Busia na Malaba hauna tena tofauti ya saa, kwani Kenya na Uganda zote zinafuata saa 3 mbele ya Greenwich, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 maofisa wa nchi hizo mbili wameketi chini ya paa moja na kutazama saa moja. Kadiri lori linavyokwenda magharibi, pengo kati ya jua na saa huzidi: Kampala ni karibu dakika 50, na katika mpaka wa Kongo huko Mpondwe ni zaidi kidogo ya saa nzima. Dereva akivuka kuingia Kasindi huirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwa sababu mashariki ya Kongo hufuata saa 2 mbele ya Greenwich, na mara moja anajikuta mahali ambapo jua na saa vinakubaliana kwa tofauti ya dakika moja au mbili tu.

Kutengeneza saa ya jua ya Matayos hakuhitaji fundi wa Damascus. Kanuni ya Ibn al-Shatir inasema kwamba ukingo wa kivuli uinuliwe kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali. Mjini London pembe hiyo ni digrii 51 na nusu, ndiyo sababu saa ya bustani za Waingereza ikiletwa hapa haifai kitu, lakini Matayos pembe ni ndogo kiasi kwamba ukingo hulala tambarare kama boriti ya paa, ukielekea kaskazini na kusini juu ya sahani. Mistari ya saa nayo, ambayo London hutawanyika kutoka nukta moja, hapa huwa sambamba. Ukingo ukiwa sentimita 10 juu ya sahani, mstari wa saa sita huwa chini yake barabara, wa saa tano na wa saa saba huwa sentimita 2.7 kila upande, wa saa nne na saa nane sentimita 5.8, wa saa tatu na saa tisa sentimita 10 kamili, wa saa mbili na saa kumi sentimita 17.3, na wa saa moja na saa kumi na moja sentimita 37.3, lakini mstari wa macheo na machweo hauchoreki, kwa kuwa wakati huo kivuli kimekimbilia mbali bila kikomo. Shule yoyote ya Matayos yenye ubao, msumari na rula inaweza kuijenga katika kipindi kimoja cha hisabati, na inastahili kuijenga.

Atakayeisoma atahitaji kuongeza dakika 43 ili apate saa ya serikali, na zaidi ya hapo marekebisho madogo ya msimu, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja na mhimili wake umeinama, hata jua la kweli likawa linaitangulia saa ya wastani au kubaki nyuma yake. Katikati ya Februari jua hubaki nyuma kwa dakika 14, na saa sita ya kivuli huangukia saa sita na dakika 57. Mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia kwa dakika 16, na saa sita hiyo hiyo huangukia saa sita na dakika 27. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 au 22 ya Machi na ya Septemba, jua hupita utosini barabara: kijiti cha wima kilichosimamishwa Matayos hupoteza kivuli chake karibu saa sita na dakika 50 katika Machi, na karibu saa sita na dakika 36 katika Septemba, na katika siku hizo mbili kivuli hulingana na kijiti, ikawa alasiri, saa tatu kamili baadaye.